Miguu ya Mama

Nimekuwa kimya muda mrefu, najua. Wengine mmenitumia ujumbe mkiuliza kulikoni, na mmoja akataka kujua kama nimeolewa. Sijaolewa. Nilikwenda Kilwa nikajifunza kucheza ngoma.

Chekeni tu, hata mimi ningecheka. Ila kisa chenyewe hakianzii kwenye ngoma, kinaanzia barabarani.

Jumamosi ya tarehe 4 Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu, nilikuwa zamu chumba cha habari, Dar es Salaam. Mvua na upepo, Mafia, Kilwa, kote huko. Habari iliyoletwa mezani kwangu ilikuwa ya barabara: njia kuu ya kwenda Lindi na Mtwara imekatika maeneo ya Somanga, magari yamekwama pande zote mbili. Nikainyoosha ile habari, nikaitafutia kichwa, na kusema kweli nikafurahi kwamba kichwa kimekaa vizuri. Ndiyo kazi yetu hiyo. Asubuhi yake mama mdogo akanipigia kutoka Kivinje. Mama amefariki usiku. Presha.

Kwa wasioijua njia ile: ukitoka Dar unapita Kibiti na Ikwiriri, unavuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, unafika Somanga, kisha Nangurukuru, hapo unakata kushoto kwenda Kivinje na Masoko. Ukishindwa kupita hapo, labda uzunguke nchi nzima kupitia Songea. Na kwetu maiti haingoji mtu. Mama alizikwa alasiri ya siku ileile, mimi nimekaa stendi na begi lenye kanga mbili, naambiwa basi haliendi.

Nilipofika, matanga yalishaanuliwa. Majamvi yamekunjwa, sufuria za kuazima zimerudishwa kwa wenyewe. Mjomba akanisindikiza makaburini. Nikasimama pale, nikaangalia udongo. Sikulia.

Nikarudi kazini. Watu wakaniambia kazi ya Mungu haina makosa, nami nikaitikia. Sikulia Juni, sikulia Julai. Nikawa mchapakazi wa ajabu, mhariri akanisifu. Mwisho wa mwezi tu ndiyo kulikuwa na tatizo, maana vidole vilikwenda vyenyewe kwenye namba ya mama kumtumia hela, na mara mbili nilifika mpaka kwenye kuweka namba ya siri.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kulisema popote. Mwaka 2019 niliandika makala ya kuiponda unyago. Niliandika kuhusu wasichana wa kusini wanaochezwa wakiwa wadogo, wakitoka ndani wanajiona watu wazima, shule inaishia hapo. Makala ilisomwa sana. Mama yangu alikuwa miongoni mwa wanawake wanaoitwa kucheza mwali anapotolewa, kuanzia Singino mpaka Mingumbi. Jina lake lilijulikana uwanjani kuliko langu linavyojulikana gazetini. Nilimpelekea lile gazeti mwenyewe, kwa mkono wangu. Akalisoma lote, akalikunja. "Umeandika vizuri," akasema. "Ila hukuniuliza."

Mimi sikuchezwa. Wenzangu walipoingizwa ndani, mama alinipeleka shule ya bweni. Kwa nini mcheza ngoma aliye hodari hivyo hakumcheza binti yake? Lingekuwa swali zuri la kumuuliza mwaka ule wa 2019, kama ningekuwa mwandishi mzuri kama nilivyojidhania.

Basi, Desemba 2024, shule zimefungwa, mama mdogo akapiga tena. Kuna mwali anatolewa, mtoto wa binamu yangu. "Nyumba ya mama yako haiwezi kukosa mtu uwanjani," akasema. "Njoo." Nikamwambia mimi sijui kucheza. Huku mjini nacheza kwenye kicheni pati kwa kuinua kidole na kuzunguka, basi. "Ndiyo maana nakwambia uje mapema."

Nikaomba likizo ya wiki tatu.

Mjomba hakupenda. "Mwaka haujaisha mtu yuko kaburini, nyie mnatafuta ngoma?" Kwake yeye ngoma yenyewe ni bidaa, hata mwaka ungekuwa umeisha. Bibi alimjibu bila kuacha kuchambua mchele: "Matanga siku tatu, tumekaa. Arobaini tumesoma hitima, na pilau ulikula. Eda ni ya mke kwa mumewe. Sasa huyu mtoto unamfungia lipi?" Mjomba akavaa kofia akaenda msikitini, hakurudi mpaka baada ya isha.

Ubishi huu haukuzaliwa nyumbani kwetu. Kule Masasi, Askofu Vincent Lucas wa kanisa la Anglikana alibishana na wamisionari wenzake karibu miaka mia moja iliyopita, akaona jando haliondoki kwa kupigwa marufuku, akaliingiza kanisani kwa namna yake. Na Nyerere, katika hotuba yake ya kuwa Rais tarehe 10 Desemba 1962, aliwasuta wasomi waliokuwa wakijivunia rumba na chachacha huku hawajui lelemama wala gombe sugu. Mwenyewe alijua ngoma imemfanyia nini. Bibi Titi Mohamed, kabla ya kuanza kukiandikisha wanachama chama cha TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba pale Dar, na ni kupitia vikundi vya namna hiyo aliwafikia wanawake wa mjini. Niliyasoma haya chuoni nikafanyia mtihani nikafaulu. Kusimama uwanjani ni jambo jingine.

Mwalimu wangu alikuwa somo wa mama, bibi wa zaidi ya miaka themanini, anatembelea fimbo. Jioni ya kwanza uani, vijana wakawasha makuti, wakaziotesha ngoma moto ili ngozi zikaze. Mimi nikafunga kanga kiunoni nikajiona niko tayari. Bibi akakaa kwenye kigoda akaniangalia.

"Simama."

Nikasimama.

"Unasimama kama unangoja daladala."

Jioni ile yote nilijifunza kusimama. Ya pili, kukanyaga. Mguu wote chini, kisigino kisikie ardhi, magoti yalegee, mabega yatulie kama umebeba ndoo ya maji. Nikauliza kiuno tunaanza lini, maana sisi wa mjini tukisikia ngoma za kusini tunawaza sindimba, na tukisema sindimba tunawaza kiuno tu. Wanawake wote wakacheka. "Kiuno hakifundishwi," bibi akasema. "Miguu ikijua, chenyewe kitafuata. Miguu isipojua, utakuwa unajikuna."

Sitawadanganya kwamba nilikuwa na kipaji. Vidole viliota malengelenge. Kila ngoma ndogo ilipobadilisha mlio mimi nilikuwa bado kwenye mlio uliopita. Nikikosea watoto waliokuwa wakichungulia ukutani wananiigiza, na wao hawakosei.

Jioni ya tano, bibi akasema sasa nitie uzito, kushoto mara mbili, kulia mara moja, nikae kidogo, nirudi. Kushoto kushoto, kulia, kaa. Mama mdogo akasimama mbele yangu kunionyesha. Nikatazama miguu yake, na mwili ukaniingia baridi.

Ile hatua nilikuwa naijua. Nimeiona utoto wangu wote. Mama alipokuwa jikoni, anasonga ugali au anakuna nazi kwa ajili ya samaki, kama hajakaa kwenye mbuzi, alikuwa akifanya vile vile: kushoto kushoto, kulia, anakaa kidogo. Miaka yote nilidhani miguu inamuuma. Niliwahi hata kumnunulia dawa ya kuchua, kopo la kijani, akaipokea akasema asante mwanangu.

Nikaanza kulia palepale. Si machozi ya kujifuta na ncha ya kanga, ni kilio cha kutoa sauti, pua na kila kitu, cha Mei yote na miezi iliyofuata. Nikataka kukaa chini. Wapiga ngoma hawakuacha. Mama mdogo naye hakuacha, anatazama mbele tu na uso wake umelowa. Nikamsikia bibi kutoka kwenye kigoda:

"Lia, ila usikose mguu."

Nikaendelea. Nilikosa mguu mara nyingi sana.

Baadaye, kwa ile tabia yetu ya kazi, nikasoma. Nikakuta kwamba huko Marekani mwalimu wa dansi, Marian Chace, alianza mwaka 1942 kuwachezesha wagonjwa wa akili katika hospitali ya St. Elizabeths mjini Washington, na mwaka 1966 likaundwa shirika zima la tiba ya namna hiyo, yeye akiwa rais wake wa kwanza. Nikampelekea bibi habari hizo kama zawadi. Akauliza huyo mzungu alikuwa anawaanzisha kwa miguu au kwa kiuno. Sikuwa na jibu.

Siku ya kutolewa mwali, mjomba alileta mchele kilo ishirini, akasema ni sadaka, usihesabiwe kwenye ngoma. Yaliyofanyika ndani siwaambii, kwanza niliahidi. Ya nje naweza. Nilivaa kanga ya mama, ile ya rangi ya zambarau iliyopauka. Nilipoingia uwanjani mwanamke mmoja nisiyemjua akapiga kigelegele, akamtaja mama kwa jina la ngoma, jina ambalo mimi mwanawe sikulijua. Wakaanza kunitunza, noti za elfu na elfu mbili zinabandikwa kwenye paji la uso linalotoka jasho. Nilipotea mlio mara moja, nikamtafuta mama mdogo kwa macho, nikaupata.

Mwali mwenyewe alikuwa amemaliza darasa la saba, matokeo mazuri, na Januari alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Ndiyo, niliuliza, tena niliuliza kabla ya kukubali kucheza. Niliyoandika mwaka 2019 sijayafuta, maana wako wanaoachishwa shule kweli, nimekaa nao, nimewasikiliza. Ningeyaandika tena leo. Ila ningeanza na simu ya Kivinje.

Je, nimepona? Sijui tunapimaje. Namba ya mama bado ipo kwenye simu. Usiku mwingine bado naamka nikiwa nakitunga upya kile kichwa cha habari. Lakini nikipika nasimama vizuri.

Siku ya kurudi Dar, basi lilipunguza mwendo Somanga, pale palipokatika. Abiria mmoja akawa anamwonyesha mwenzake maji yalipopita. Nikafungua dirisha nikatazama. Kondakta alikuwa anapita akikusanya tiketi, akasimama kwenye kiti changu, akaangalia chini.

"Dada, mbona miguu haitulii? Unataka kuchimba dawa? Tusimame?"

Nikamwambia hapana, twende tu.