Famasia Muhimbili, Famasia Birmingham: Mgonjwa Yuko Wapi?

Mwulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa famasia pale Muhimbili anataka kufanya nini akimaliza, na mara nyingi atakujibu kwa kifupi: nataka famasi yangu. Wengine watataja TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), Bohari ya Dawa, au kazi ya uwakilishi wa kampuni za dawa. Mgonjwa hatajwi. Nimesoma hapo, na sababu za jibu hilo nazijua.

Shahada yetu ni miaka minne, kisha mwaka wa utarajali hospitalini, ndipo usajili wa Baraza la Famasi. Zamani Muhimbili ilikuwa karibu peke yake. Leo Bugando kule Mwanza na St. John's ya Dodoma nao wanafundisha wafamasia, na nafasi za serikali hazijaongezeka kwa kasi hiyo. Kijana aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, mwenye wadogo zake wanaosubiri zamu yao, akiwaza famasi yake usimwite mwenye tamaa. Anawaza kodi ya nyumba na ada ya mdogo wake.

Huku Uingereza, ninakoishi sasa, kozi nayo ni ya miaka minne, inafuatwa na majuma 52 ya mafunzo kazini, na mtihani wa baraza lao. Karatasi moja ina maswali 40 ya hesabu za dozi, nyingine maswali 120, na mtu ana nafasi tatu tu za kuufanya. Sisi tuliosomea nje hupitia kwanza kozi ya mwaka mmoja iitwayo OSPAP, halafu tunaungana na wenzetu kwenye majuma hayo 52.

Maisha ya chuo yenyewe yanafanana kuliko watu wanavyodhani. Kule tulikesha na madesa, tukaogopa mitihani ya sapu na kudisco, yaani kuondolewa chuoni, tukasubiri boom, pesa ya mkopo, kwa hamu. Huku wanakesha vilevile, na madeni yao ya ada ni makubwa kuliko yetu. Tofauti niliyoiona mimi iko kwenye siku ya Jumamosi.

Huku, Jumamosi utamkuta binti wa mwaka wa kwanza amesimama kwenye kaunta ya famasi ya mtaani, analipwa kwa saa. Anapokea vyeti vya daktari na kupanga dawa rafuni. Mteja akitaka dawa ya kikohozi, anamwuliza: ni ya nani, ana umri gani, amekohoa kwa muda gani, anatumia dawa gani nyingine? Swali likimshinda, anamwita mfamasia aliye nyuma yake. Chuo hakikumlazimisha, anatafuta pesa ya matumizi. Lakini akifika mwaka wa nne anakuwa ameshazungumza na wagonjwa wengi kuliko niliokutana nao mimi kabla ya utarajali. Na chuoni wanampima kwa waigizaji: mama mwenye hasira, mzee asiyesikia vizuri, kijana anayeficha kwamba ameacha dawa zake za kifafa. Jinsi anavyosikiliza nayo ina alama zake.

Sisi tulifundishwa kemia ya dawa kwa kina, tukatengeneza marhamu na sirapu maabara, tukasoma mimea ya tiba, jambo lenye maana kubwa katika nchi ambako wengi huanza na mwarobaini kabla ya kwenda zahanati. Hayo yote yabaki. Ila mgonjwa tulikutana naye mwishoni, tena kupitia tundu la dirisha: mkono unaingia na karatasi, unatoka na bahasha iliyoandikwa 1x3. Foleni ndefu, na nyuma ya dirisha mfamasia mmoja.

Bahasha ile nimeifikiria sana tangu nihamie Birmingham. Haisemi dawa inywewe kabla ya chakula au baada. Haimwambii mama kwamba amoksilini ya maji ikishachanganywa haikai mwezi kabatini, wala kwamba mtoto akichangamka siku ya pili asikatishwe dozi. Haimwulizi mzee wa presha kama anameza pia diklofenaki aliyojinunulia kwa ajili ya magoti, dawa inayoweza kumpandisha presha na kumdhuru figo. Hayo lazima yasemwe na mtu. Vijijini mtu huyo ni mtoa dawa wa duka la dawa muhimu, mfumo ulioanzia Ruvuma mwaka 2003, naye amepata mafunzo mafupi tu. Namheshimu, kwa sababu amebeba mzigo mkubwa. Mfamasia mwenye shahada yuko mjini, na hata huko mara nyingi cheti chake ndicho kilichotundikwa ukutani, yeye mwenyewe yuko kwenye kazi nyingine.

Huku Uingereza kazi inazidi kumsogelea mgonjwa. Tangu tarehe 31 Januari 2024 famasi za England hushughulikia magonjwa saba bila mtu kupitia kwa daktari, yakiwamo maumivu ya koo na maambukizi ya mkojo kwa wanawake, na panapostahili hutoa antibayotiki kwa kufuata mwongozo. Kuanzia 2026 wafamasia wapya husajiliwa wakiwa tayari na ruhusa ya kuandika dawa. Ndiyo maana wanafunzi ninaokutana nao wanaota kliniki ya kisukari au wodi ya saratani. Matatizo yapo: famasi nyingi za mitaani zimefungwa miaka ya karibuni, na wafamasia waliobaki wamechoka. Hata hivyo, hakuna anayejiuliza kazi yake inamhusu nani.

Kwetu kijana anaingia famasi, anataja antibayotiki kwa jina, anataka vidonge vinne kwa kuwa hela yake inaishia hapo. Mwanafunzi aliyewahi kusimama mbele yake, akamwuliza anaumwa nini, akatafuta naye njia ya kupima au ya kupata dozi kamili, atauelewa usugu wa vimelea kuliko aliyeusoma kwenye slaidi. Na sitaki ndoto ya kumiliki famasi ife. Nataka mwenye famasi awemo ndani.

Kaka na dada zangu mnaomiliki famasi Kariakoo, Mwanza, Arusha na Dodoma, mpeni mwanafunzi mmoja nafasi kila Jumamosi kuanzia mwaka wake wa kwanza, chini ya mfamasia aliyepo kweli. Mlipeni nauli na chakula cha mchana. Baraza la Famasi nalo liandike mwongozo wa mafunzo hayo, ili yasiwe ya kujificha.

Na wewe uliyemaliza kidato cha sita na mchepuo wako wa PCB, kabla hujajaza fomu, omba ukae asubuhi moja kwenye famasi ya jirani usikilize watu wanauliza nini. Ukiona unatamani kuwajibu, jaza.