Mlangoni pa Hekalu la Pandharpur

Wengi wenu mkipita Mtaa wa Kisutu mjini Dar es Salaam mmeyaona mahekalu ya Wahindu, mmesikia kengele zake wakati wa jioni, kisha mkaendelea na njia yenu. Nasi tulifanya hivyo kwa miaka mingi. Hekalu tunalotaka kuwasimulia leo liko mbali, katika Bara Hindi, jimbo la Maharashtra, mji wa Pandharpur. Watu wa huko si Wagujarati, kama walivyo wengi wa Wahindu wa pwani yetu. Ni Wamarathi, na lugha yao ni Kimarathi. Hatuwaandikii habari zake kwa ajili ya mawe yake, maana Bara Hindi lina mahekalu makubwa na mazuri kuliko hilo. Tunawaandikia kwa ajili ya nyimbo. Yapata miaka mia saba watu wamekuwa wakitunga nyimbo kwa ajili ya nyumba hiyo, na katika watungaji wake wakuu mmoja alikuwa wa ukoo wa washonaji nguo, mmoja mwenye duka la nafaka, mmoja mjakazi, na mmoja mtu asiyeruhusiwa kabisa kuupita mlango wake.

Twalikuwa katika mji wa Pune, tumemsindikiza ndugu mgonjwa aliyekwenda kutibiwa, kama wafanyavyo wengi wa nchi zetu siku hizi. Tulipanga kwa mwalimu mmoja Mkristo, Mmarathi, mtu mzima aliyekwisha pita miaka sitini na kustaafu kazi ya shule. Mgonjwa alipopewa siku chache za kupumzika, mwenyeji wetu akatuambia, "Ndugu walimu, mkirudi kwenu bila kuiona Pandharpur, mtakuwa mmeona hospitali tu." Basi tukaenda naye. Gari la moshi lilituchukua hata Kurduwadi, na hapo tukabadili. Nchi ile ni kavu, tambarare, yenye mashamba ya mtama na miwa. Mtu wa Dodoma angeyatambua yale ya mtama tangu mbali.

Mji uko kando ya mto Bhima. Mahali pale mto umepinda kama mwezi mwandamo, na kwa sababu hiyo wenyeji huuita Chandrabhaga, jina lenye mwezi ndani yake. Ulikuwa mwezi wa Januari, maji yalikuwa machache, na mchanga umejitokeza. Ngazi za mawe zashuka toka mjini mpaka mtoni, na watu walikuwa wakioga. Njia ya kutoka mtoni kwenda hekaluni ni nyembamba, nayo imejaa maduka: matoazi madogo ya shaba, shanga za mti wa tulasi, ambao ni jamii ya mrihani wetu, unga mweusi wenye harufu nzuri ambao watu hujipaka usoni, na bisi za mchele ndani ya vikapu.

Mungu wa hekalu hilo kwao huitwa Vitthal, au Vithoba. Sanamu yake ni ya jiwe jeusi, imesimama juu ya tofali, mikono kiunoni. Habari ya tofali husimuliwa hivi. Alikuwako mtu jina lake Pundalik, akiwatumikia baba na mama yake waliokuwa wazee. Mungu wake akaja kumtembelea, akasimama mlangoni. Pundalik alikuwa akiwakanda wazazi miguu, hakutaka kuwaacha. Akatupa tofali nyuma yake, akamwambia mgeni asimame juu yake asitie miguu tope, angoje hata amalize. Mgeni akangoja, na husema angali akingoja. Mambo ya sanamu sisi hatuyafuati, lakini tulikiri mbele ya mwenyeji wetu kwamba hadithi hiyo ya kuwaheshimu wazazi ingesikilizwa vizuri katika darasa letu la ubatizo.

Ndani kabisa hatukuingia. Hakuna aliyetuzuia. Msururu wa watu waliokuwa wakingoja kwenda kuigusa miguu ya sanamu kwa paji la uso ulikuwa mrefu, umezunguka majengo. Nao walikuwa wakienda kuabudu, nasi hatukuwa na shughuli hiyo. Tulikaa mlangoni, upande wa mashariki, na ikawa mambo tuliyoyatafuta yako pale pale nje.

Kwanza, nyimbo zenyewe. Zamani katika Bara Hindi elimu ya dini iliandikwa kwa Kisanskriti, lugha ambayo mkulima na mkewe hawakuielewa. Mwaka wa 1290, kama inavyohesabiwa, kijana mmoja jina lake Jnaneshwar alikitwaa kitabu kikubwa cha Wahindu, Bhagavad Gita, akakieleza kwa mashairi ya Kimarathi, lugha ya nyumbani na ya sokoni. Wazazi wake walikuwa wametengwa na watu wa daraja lao, naye akakua katika aibu hiyo. Akafa mwaka wa 1296 angali kijana. Sisi ambao kazi yetu ni kufundisha kwa Kiswahili, na twajua uso wa mama mzee unavyobadilika anaposikia neno kwa lugha anayopikia na kulelea, hatukuhitaji kuelezwa zaidi.

Baada ya kufunguliwa mlango huo wa lugha, wengine wakaingia. Namdev, wa ukoo wa washonaji, nyimbo zake zilifika mbali hata Wasikh wa Punjab wakazitia katika kitabu chao kitakatifu. Janabai, mjakazi katika nyumba ya Namdev, alitunga juu ya kusaga na kufagia. Katika nyimbo zake Mungu huja kushika jiwe la kusagia pamoja naye alfajiri. Miaka mia tatu baadaye akaja Tukaram wa kijiji cha Dehu, mwenye duka, aliyefiwa na mke katika njaa kuu na biashara yake ikaanguka. Yasemekana wakuu walichukizwa kwamba mtu wa daraja lake afundishe mambo ya dini, hata vitabu vyake vikatoswa mtoni. Na wafuasi wake husema siku ya kumi na tatu vilielea, havikulowa. Namna ya wimbo aliyoitumia huitwa abhang, na mashairi yanayohesabiwa kuwa yake yapata elfu nne na zaidi.

Mlangoni pale, kipandio cha kwanza huitwa kipandio cha Namdev. Wafuasi wake wasimulia kuwa aliomba azikwe hapo ili miguu ya wacha Mungu impitie juu. Watu waliinama, wakakigusa kwa mkono, wakaupeleka mkono kwenye paji la uso. Na ng'ambo, mkabala wa mlango, liko kaburi dogo la Chokhamela.

Huyu Chokhamela aliishi katika karne ya kumi na nne. Alikuwa Mmahar, yaani wa watu walioitwa wasioguswa. Kazi ya Wamahar ilikuwa kuondoa mizoga ya ng'ombe, kulinda mipaka ya kijiji, kupeleka habari, na kufanya kila kazi waliyotumwa. Kivuli chao tu kiliweza kuhesabiwa kuwa unajisi. Chokhamela alimpenda Vitthal, akatunga nyimbo. Mkewe Soyrabai naye akatunga, na mwanawe Karmamela pia, ambaye katika nyimbo zake uchungu ni mkali kuliko wa baba. Lakini kuingia hekaluni hawakuweza. Mwaka wa 1338 Chokhamela aliitwa pamoja na Wamahar wenziwe kujenga ukuta katika mji wa Mangalvedha, si mbali na hapo. Ukuta ukaanguka, wakafa chini yake. Yasimuliwa kuwa Namdev alikwenda kuitafuta mifupa yake katika kifusi, akaitambua kwa kuwa ilikuwa ikilitaja jina la Vitthal, akaileta akaizika mbele ya mlango. Habari ya mifupa kusema twawaachia wenyewe. Kaburi tumeliona, nalo liko nje.

Tafakarini jambo hili, wapenzi. Nyimbo za mtu huyu ziliimbwa na watu waliokuwa ndani, makuhani walizijua, naye mwenyewe, na watoto wa watoto wake, na ukoo wake wote, walisimama nje kwa karne sita.

Hapo ndipo mwenyeji wetu, aliyekuwa amenyamaza tangu tulipotoka mtoni, aliposema, "Babu yangu alifika hapa. Alikuja kwa miguu, kila mwaka. Alifika kwenye kaburi hili, akasujudu, akageuka akarudi."

Tukamwuliza, "Baba, kumbe ninyi ni Wamahar?"

Akajibu, "Tulikuwa. Baba yangu alibatizwa. Lakini dada yangu alipoposwa, na posa ilitoka kwa Wakristo wenzetu, swali lao la kwanza lilikuwa: babu yenu alikuwa wa watu gani?" Hakusema kanisa lipi, nasi hatukumwuliza.

Mlango ulifunguliwa mwaka wa 1947, na aliyeufungua alikuwa mwandishi wa vitabu. Jina lake ni Pandurang Sane, watu humwita Sane Guruji, maana yake mwalimu. Kitabu chake juu ya mama yake, Shyamchi Aai, alikiandika gerezani Nashik mwaka wa 1933, nacho kimesomwa katika nyumba nyingi za Wamarathi. Alizunguka jimbo lote akisihi hekalu lifunguliwe kwa wote, kisha mwezi wa Mei mwaka huo akaketi Pandharpur akafunga chakula, yapata siku kumi, hata wakuu wa hekalu wakakubali. Ilikuwa miezi mitatu tu kabla ya Bara Hindi kupata uhuru.

Msidhani kwamba mambo yote yalinyooka siku ile. Kila mwaka, katika mwezi wa Juni au Julai, mamia ya maelfu ya watu huja Pandharpur kwa miguu toka Alandi na Dehu, mwendo wa kilomita kama mia mbili na hamsini, majuma matatu njiani. Hubeba viatu vya Jnaneshwar na Tukaram katika machela, wanawake huchukua miche ya tulasi kichwani, wote wakiimba. Huitana "Mauli", yaani mama, hata mwanamume kwa mwanamume, na kugusana miguu. Mtaalamu mmoja mwanamke, Irawati Karve, alitembea pamoja nao, akaandika kwa masikitiko kwamba walioimba pamoja mchana kutwa walipofika wakati wa kula waligawanyika, Wabrahmin huku na Wamaratha huku.  Na ukuhani wenyewe ulibaki urithi wa koo fulani hata mwaka wa 2014, ndipo Mahakama Kuu kabisa ya nchi ilipoukomesha, na hekalu likaalika watu wa madaraja yote, wanaume kwa wanawake, kuomba kazi hiyo.

Tulimwuliza mwenyeji wetu kama vijana wa ukoo wake wanampenda Chokhamela. Akacheka kidogo. Alisema wengi hawampendi. Wanamwona mpole kupita kiasi, mtu aliyepigwa mlango usoni akatunga wimbo. Shujaa wao ni Daktari Ambedkar, Mmahar pia, aliyekuwa kiongozi katika kuitunga katiba ya nchi, na mwaka wa 1956 akauacha Uhindu akaingia dini ya Buddha pamoja na watu wengi sana. Hata hivyo kitabu chake cha mwaka wa 1948 juu ya watu wasioguswa amekitoa kwa kumbukumbu ya watu watatu, na mmoja wao ni Chokhamela. "Nami," alisema mwenyeji wetu, "siwezi kuchagua kati yao. Mmoja alimpa babu yangu maneno. Mwingine alinipatia shule."

Tena akatukumbusha habari ya Narayan Vaman Tilak. Huyu alikuwa Mbrahmin na mshairi, akabatizwa Bombay mwaka wa 1895, na hata kufa kwake mwaka wa 1919 aliwatungia Wakristo wa Kimarathi tenzi nyingi, akitumia abhang ile ile ya Tukaram. Mkewe Lakshmibai, aliyemfuata katika imani baada ya miaka kadhaa ya kutengana, aliandika maisha yao katika kitabu kizuri kiitwacho Smritichitre. Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumeimba moja ya tenzi za Tilak kanisani Pune, na matoazi yaliyoshikwa na vijana yalikuwa ya namna ile ile tuliyoiona dukani. Sasa tulijua yalikotoka. Ndugu zetu wanaobishana kama ngoma yafaa kanisani wangependa kuwa pale.

Jua lilipoanza kushuka, wanawake watano sita wa shamba walikuja wakaketi karibu na kaburi, wakaimba. Mwenyeji wetu alisikiliza akasema ni wimbo wa Soyrabai. Mmoja wao, bibi asiye na meno ya mbele, alituona tumesimama, akatuita Mauli, akatutilia bisi za mchele mikononi. Twajua wako watakaouliza juu ya vyakula vilivyotolewa kwa sanamu, na Mtume Paulo amelisema jambo hilo vizuri kuliko sisi. Bibi alikuwa ametoka kuzinunua dukani mbele ya macho yetu. Tulikula.

Mwenyeji wetu naye alikula zake, mpaka punje ya mwisho. Kisha akavua kofia, akasimama kitambo mbele ya kaburi bila kusema neno, akatazama saa yake, akatuambia twende upesi, maana gari la Kurduwadi halingoji mtu.