Ijumaa Moja Mjini Songea



Mwenye kuuendea mji wa Songea kwa njia itokayo Njombe hupita katika nchi ya baridi na ya mahindi. Ruvuma ni miongoni mwa mikoa ya Tanzania inayoongoza kwa kuvuna nafaka hiyo. Mji waitwa kwa jina la nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wadachi mwaka 1906 katika Vita vya Maji Maji. Na Wadachi walipochoma mashamba na maghala, njaa iliua watu wengi sana. Basi mji huu waijua njaa, na waijua shibe.

Siku ya Ijumaa, kama ilivyo desturi ya miji yetu mingi, waombaji huzunguka madukani asubuhi, na adhuhuri hukaa mlangoni pa msikiti. Sisi nasi kwa miaka mingi tumetoa sarafu zetu, tukapita, tukajiona tumetimiza wajibu.

Ijumaa moja tulimkuta mzee kipofu, ameshikwa fimbo na mjukuu wake aliyevaa sare ya shule. Tukauliza, "Mwanangu, leo si siku ya shule?" Mtoto akainama. Mzee akajibu, "Mwalimu, siku nyingine huenda. Ijumaa ndiyo siku ya riziki, na mimi sina macho."

Tukaketi naye. Akatueleza kuwa jua si taabu kubwa, wala mvua. Taabu ni kuambiwa "samehe, mzee" kabla hajafungua kinywa. Tukamwuliza haja yake. Tulidhani atataja fedha. Akasema, "Nina shamba la eka moja, aliloliacha marehemu mwanangu. Nikipata mifuko miwili ya mbolea na mtu wa kunilimia, mtoto huyu atasoma." Tuliona haya. Tulikuwa tukimwona miaka yote hiyo, na hatukupata kumwuliza.

Amepokea Abu Daud ya kuwa mtu mmoja katika Answari alimwendea Mtume (s.a.w.) kuomba. Mtume alimwuliza ana nini nyumbani, kisha akavinadi vitu vyake viwili, nguo na bakuli, kwa dirhamu 2. Moja ikanunua chakula cha watu wake. Ya pili ikanunua shoka, na Mtume akalitia mpini kwa mkono wake. Mtu yule akaenda kukata kuni, na baada ya siku 15 alikuwa amepata dirhamu 10. Tuangalie mpango huo: chakula kwanza, kisha shoka.

Hapa Songea, shoka la mkulima ni mbolea na jembe kabla mvua hazijashika. Sarafu ya mtu mmoja hailinunui. Sarafu za msikiti mzima, zikikusanywa kwa mwaminifu mmoja, zaweza. Na sheria ya nchi yazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na 2 katika hizo ni za watu wenye ulemavu. Lakini kipofu atamwandikia nani barua? Hiyo ni kazi yetu sisi tunaojua kalamu.

Enyi vijana wetu, toeni sarafu, wala msimkaripie mwombaji, kwani Qur'ani imekataza. Lakini msipite tu. Mwulizeni ana nini nyumbani kwake. Mifuko ya mzee wetu haijatimia, tungali tunakusanya. Mwenyezi Mungu atujaalie kumwona mtoto yule darasani siku ya Ijumaa. Amin.