Jemadari wa Farasi na Mzigo wa Wapagazi

Ndugu msomaji, ukipita Shirimatunda kwenda Arusha, kumbuka kwamba mwezi wa Machi 1916 farasi wa vita waliikanyaga nchi hii. Mkuu wao alikuwa Jaap van Deventer, Kaburu wa Afrika ya Kusini. Katika vita vya 1899 hadi 1902 alipigana na Waingereza; safari hii aliwapigania, chini ya Jenerali Smuts. Wapanda farasi wake waliingia Moshi, Wajerumani wamekwisha kuondoka.

Mwezi wa Aprili akaenda mbio hadi Kondoa Irangi. Lakini njiani farasi wakafa kwa mamia, kwa mbung'o na maradhi, na mvua ikaziba njia. Tangu hapo vita vilibebwa kichwani na wapagazi wa Kiafrika. Makumi ya maelfu walikufa kwa homa, kuhara na njaa.

Mwaka 1917 van Deventer alifanywa mkuu wa majeshi yote ya Waingereza katika Afrika ya Mashariki. Jina lake limo vitabuni. Majina ya wapagazi wengi hayamo, Mungu anayajua. Basi, wazee wakikutajia babu aliyechukuliwa asirudi, andika jina lake, umwombee.