Koko wa dada wa Sinza halazi kichwa, jamaa akataka agawiwe

Jamaa mmoja wa Sinza, Dar, alimwambia mpenzi wake bila kupepesa macho: huyu koko mpe mtu, tutafute mbwa wa maana. Kisa? Kaona video ya mbwa akisemeshwa analaza kichwa upande kama mtu anayefikiria, watu kibao wanaandika "huyo ana akili!" Koko wa dada ukimsemesha anakutazama tu, kichwa kimenyooka kama mlinzi wa getini.

Dada hakubishana. Mbwa huyo alimuokota mtaroni akiwa mdogo kama kiatu, huu mwaka wa nne. Usiku akashika simu, akaanza kuperuzi.

Akakutana na utafiti wa 2021 kutoka Budapest, Hungaria. Mbwa 40 walifundishwa majina ya midoli, kisha wenye mbwa wakawa wanawaagiza wakailete kutoka chumba kingine. Saba tu ndio walioyashika majina. Sasa sikia: hao saba walilaza kichwa karibu mara 43 katika kila mara 100 walizoagizwa. Wale 33 wa kawaida? Mara 2 tu! Halafu kila mbwa alikuwa na upande wake, wa kulia ni wa kulia. Watafiti wakahisi ni kuvuta umakini, labda mbwa anaikumbuka sura ya mdoli anapolisikia jina lake.

Dada akanyong'onyea. Ina maana jamaa kapatia?

Akaendelea kusoma. Wale saba wote ni Border Collie, mbwa wa kuchunga kondoo, wenye sifa ya kusikiliza maneno ya mchungaji. Lakini hata Border Collie wengi wakifundishwa majina hayawaingii kabisa, kwa hiyo kununua mbwa wa bei mbaya sio kununua akili. Na wale walikuwa wanasikia majina wanayoyajua. Koko wa Sinza nani kamfundisha jina la kitu? Anajua "toka" na "njoo kula", basi.

Asubuhi akamsomea jamaa yote.

"Kwa hiyo mbwa wako ni wa kawaida," jamaa akasema.

"Ndiyo. Kama wewe."

Jamaa alicheka mpaka chai ikampalia. Suala la kumgawa hajaligusa tena. Juzi kaonekana uani ameshika mpira wa soksi, anamwambia koko "mpira, mpira", na koko anamtazama tu, kichwa kimenyooka.