Pita Kanisa, Kisha Uliza Tena

Lodwar niliyokulia haikuwa na majina ya barabara. Mgeni akishuka kwenye basi la Kitale, nywele zimegeuka rangi kwa vumbi, aliambiwa apite kanisa, afuate ukingo wa mto Turkwel mpaka kwenye mikoma mikubwa, kisha aulize tena. Hapo pa kuuliza tena ndipo palipokuwa na uhakika.

Mji ulipangwa na maji, hata yalipokuwa hayaonekani. Kiangazi, akina mama na dada zetu walifukua mashimo kwenye mchanga wa mto wakangoja maji yajikusanye, kibuyu kwa kibuyu. Kawalase nayo, laga yetu, mto wa msimu, ililala kavu miezi na miezi. Kisha mvua ikinyesha huko milimani, kwetu bila hata tone, laga ilikuja usiku ikiburuta miti na mbuzi. Chini ya mikoma wanawake walisuka vikapu na mikeka, nasi watoto tukaguguna yale matunda ya kahawia mpaka fizi zikauma. Wazee walilala hapo mchana, kichwa juu ya ekicholong, kile kigoda ambacho mwanamume wa Kiturkana haachi nyuma.

Alama iliyoandikwa vitabuni ilikuwa nyumba ya Kenyatta. Wakoloni walimleta Lodwar mwaka 1959, alipomaliza kifungo chake Lokitaung, wakamweka kizuizini hadi 1961 alipohamishiwa Maralal. Wageni wa Nairobi waliitazama ile nyumba ndogo, wakapiga picha, wakauliza soda baridi inauzwa wapi. Sikuwalaumu. Waingereza hawakuhitaji ukuta mrefu. Jua na umbali vilikuwa askari tosha.

Baadaye tulipata alama ya kuonekana kutoka mbali: sanamu ya Yesu juu ya kilima, mikono imenyooshwa, kwa mfano wa ile ya Rio de Janeiro. Ni nzuri, ila haina kivuli. Huku chini mti wa mathenge, uliopandwa miaka ya themanini kuzuia jangwa, ulikuwa umeziba njia zetu za mtoni kwa miiba.

Kakuma nilikujua kupitia kwa mjomba, aliyekuwa na duka la unga na sukari. Ni kama kilomita 120 kutoka Lodwar, na kwa miaka mingi magari yalisafiri kwa msafara, polisi wakisindikiza, kwa hofu ya majambazi. Kabla ya 1992 ukisema Kakuma ulimaanisha misheni, maduka machache na laga ya Tarach. Mwaka huo wakaja wavulana wa Sudan, wengi wao bila wazazi, wametembea hadi Ethiopia na kurudi. Wakafuata Wasomali, Wahabeshi, Wakongo. Kambi yao ya wakimbizi ikaupita mji kwa watu, kwa biashara, hata kwa taa. Wanawake wetu walipeleka kuni na makaa ng'ambo ya Tarach wakarudi na mahindi na mafuta ya kupikia. Wengine walinung'unika kwamba mgeni anachimbiwa kisima na mwenyeji bado anafukua mchanga, na manung'uniko hayo yalikuwa na haki yake.

Mara ya mwisho nilipompigia mjomba simu kumwuliza duka limehamia upande gani, alinijibu, "Unaijua hoteli ya yule Mhabeshi? Basi, niko nyuma yake." Yeye alikuwa ameuza sukari pale kabla Mhabeshi hajafika.