Raj Kapoor, nyumba ya Mbagala na deni la sinema

Nina miaka 27. Raj Kapoor alipofikisha umri huu, Desemba 1951, filamu yake ya Awaara ndiyo kwanza ilikuwa inaingia kwenye majumba ya sinema India. Alikuwa ameshafungua kampuni yake, RK Films, mwaka 1948 akiwa na miaka 23 tu, na ameshaongoza filamu mbili. Mimi bado nagombania kompyuta chumba cha habari. Haya, tuendelee.

Kwa wale wenzangu ambao picha la Kihindi kwao linaanzia kwa Shah Rukh Khan: huyu bwana alizaliwa Peshawar, mji ambao sasa uko Pakistan, tarehe 14 Desemba 1924. Baba yake, Prithviraj, alikuwa mwigizaji mwenye jina. Usidhani kijana alibebwa. Shule ilimshinda, akaanzia chini kabisa kwa mwongozaji Kidar Sharma: kazi yake ilikuwa kupiga kile kibao cha mbao kabla kamera haijaanza. Siku moja alileta utundu wake, Sharma akampiga kibao cha uso. Baadaye Sharma huyo huyo akampa nafasi ya steringi kwenye Neel Kamal, 1947.

Awaara inahusu jaji anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi. Kwa imani hiyo anamfukuza mkewe mjamzito. Mtoto anakulia mtaani na kweli anakuwa kibaka, halafu siku ya siku anasimama kizimbani mbele ya baba yake. Sisi tunao msemo wetu, mtoto wa nyoka ni nyoka. Filamu nzima inabishana na msemo huo. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018 kuhusu sinema Tanzania, anaonyesha jinsi Awaara ilivyowakamata watu wa Unguja na Dar enzi hizo. Mimi sishangai. Ukikulia Temeke unajua maana ya kuhukumiwa kwa mtaa uliotoka.

Lakini leo nataka kuzungumzia pesa.

Mwaka 1970 Raj Kapoor alitoa Mera Naam Joker, hadithi ya mchekeshaji wa sarakasi. Ilimchukua miaka sita na ilikuwa na urefu wa zaidi ya saa nne. Aliweka rehani mali zake kuikamilisha. Ilipotoka, watu hawakwenda. Ilianguka vibaya.

Hapa ndipo hadithi inapoingia nyumbani kwetu. Kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, anatengeneza filamu. Ana kamera, ana vijana wake wa Tandika, ana hadithi ambayo nimeisoma na ni nzuri kweli. Mwezi uliopita aliniita Mbagala akanionyesha fomu ya mkopo. Dhamana: leseni ya makazi ya nyumba anayoishi mama mkubwa.

"Dogo, wewe umesoma," akaniambia. "Raj Kapoor aliweka kila kitu. Angeogopa, Bobby ingetoka wapi?"

Ni kweli, Bobby ilitoka mwaka 1973 ikafagia deni. Mama mkubwa, aliyeiona akiwa msichana, alikuwa anachambua mchele pembeni. Hakuinua kichwa. "Mwanangu, Raj Kapoor alikuwa na studio. Wewe una vyumba viwili na mimi ndani yake."

Nikaenda kusoma zaidi, na nilichokikuta ndicho nilichomwambia kaka.

Kwanza, Bobby haikutengenezwa kwa ujasiri wa kuongeza deni. Mwanawe Rishi alieleza baadaye kwamba baba yake hakuwa na pesa ya kumlipa nyota kama Rajesh Khanna, ndiyo maana akamchukua mwanawe wa kumzaa, na pembeni yake Dimple Kapadia, binti ambaye hakuna aliyemjua. Mwandishi alikuwa K. A. Abbas, yule yule wa Awaara. Yaani kilichomwokoa ni watu aliokuwa nao na hadithi rahisi ya mapenzi ya vijana.

Pili, kuna mtu ambaye hatumtaji. Shailendra, mshairi aliyeandika maneno ya wimbo maarufu wa Awaara, naye alijitosa kutengeneza filamu yake, Teesri Kasam, Raj Kapoor akiwa steringi. Ilitoka mwaka 1966, ikaanguka sokoni, madeni yakamzonga. Alifariki tarehe 14 Desemba mwaka huo huo, siku ya kuzaliwa ya Raj Kapoor, akiwa na miaka 43. Baadaye filamu ikapata tuzo ya taifa ya filamu bora. Tuzo hailipi deni la marehemu.

Wote wawili walicheza kamari ile ile. Tunamtolea mfano mmoja kwa sababu alipona.

Na hata aliyepona hakuacha mali ya milele. Raj Kapoor alizidiwa na pumu mwaka 1988, siku ya kupokea tuzo ya Dadasaheb Phalke huko Delhi, akafariki tarehe 2 Juni. Studio yake ya Chembur, Bombay, iliungua mwaka 2017, na familia ikaishia kuiuza. Kilichobaki ni zile filamu.

Kaka yangu anasema hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inayompa yeye haki. Mimi nasema atengeneze filamu fupi, dakika ishirini, kwa kamera aliyonayo na vijana wake wa Tandika, nyumba ya mama ibaki nje ya hesabu. Nimemwahidi laki tatu kutoka mshahara wangu, na nitazitoa. Fomu bado hajaisaini, ila pia hajaichana.

Wadau, nyie mngemwambia nini?